"Mwambie mzee anipigie": uzoefu wangu wa kubadilisha bushi za nyuma za GX100

Nilitaka kuandika haya siku ile ile, lakini mikono ilikuwa inatetemeka kwa hasira. Sasa nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Gari ni Toyota Mark II GX100, niliinunua kwa shemeji yangu. Ni ya zamani, najua ni ya zamani, sihitaji mtu wa kunikumbusha. Inanitoa Goba asubuhi na kunirudisha jioni. Wenye GX100 mnajua kule nyuma kulivyo: mikono juu, mikono chini, yaani vile vyuma vinavyounganisha tairi na gari, na kila mkono una bushi zake, vile vipira vyenye chuma ndani na nje pale mkono unapofungwa. Zikiwa nzima unapita barabara za ndani kama umekaa kwenye kochi. Zikifa, unajuta kuzaliwa.

Yangu ilianza kugonga kwenye matuta. Ko. Baadaye ikawa kokoko. Halafu ikaja tabia mpya: nikiachia mafuta kwenye kona, nyuma inayumba kidogo kuelekea kwake, ndiyo inakumbuka kunifuata. Tairi za nyuma zikawa zinalika kwa ndani mpaka waya zinaonekana, na kwa nje bado zina kashata. Fundi wa kwanza akaniuzia shokapu. Wa pili akasema ni linki za stabilaiza, nikanunua linki. Gari ikaendelea kugonga vilevile, na shokapu mpya na linki mpya.

Ndiyo nikaelekezwa kwa huyu wa tatu. Gereji yake siitaji, na nitaeleza kwa nini. Alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho (hilo peke yake lilinishangaza), akapiga jeki, akaingia chini na mtaimbo mdogo, akauchomeka kwenye mkono na kuusukuma. "Njoo uone, mama." Nikainama na gauni langu la kazini. Mpira ulikuwa umeachana na chuma duara zima, kile kibomba cha katikati kinacheza ndani ya tundu kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Hakuchukua hata dakika tano. Wenzake walikula hela zangu miezi.

Hapo nilimpenda, sifichi. Nikampenda zaidi nilipomuuliza kama nichukue mikono mizima ya mtumba Ilala. Akaniambia nisipoteze hela: chuma kitakuwa kizuri, lakini bushi zake zimetoka Japani zikiwa na umri ule ule wa za kwangu. Ninunue bushi mpya, yeye atazipachika. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na mfuko.

Na kazi aliianza vizuri, jamani. Kabla ya kulegeza zile bolti za kurekebishia alaimenti (mkao wa tairi) alichora alama na msumari, ili zirudi pale pale. Bushi za zamani hakuzichoma moto wala kuzitoa kwa nyundo kama nilivyoona kwingine. Alimtuma kijana na mikono yote kwa mtu mwenye presi, ile mashine ya kusukumia bushi. Kijana alipotaka kupaka grisi ili mpya ziingie kirahisi, alimkemea: grisi inavimbisha mpira, tumia maji ya sabuni. Nikajisemea, leo nimepata fundi.

Kisha ikaja saa ya kukaza.

Gari ilikuwa juu ya stendi, tairi zimetolewa, mikono yote ya nyuma inaning'inia. Akashika spana, akaiongezea bomba, akaanza kukaza bolti moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimesoma kabla ya kuja. Nikisikia natakiwa kutoa laki na kitu, huwa nasoma. Nikamuuliza kwa adabu kabisa: "Fundi, hizo si zinakazwa gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake?"

Vijana wakanyamaza. Yeye akatabasamu, akafuta mikono kwenye tambara, taratibu, kidole kwa kidole. Akasema: "Mama, pale kwenye benchi kuna kivuli. Kama kuna swali la ufundi, mwambie mzee anipigie."

Mwambie mzee anipigie!

Gari ni yangu. Kadi ina jina langu. Hela ya bushi ilitoka kwenye simu yangu, na ya ufundi alikuwa anaisubiri kutoka simu hiyo hiyo. Na huyo mzee, Mungu amzidishie maisha, ni mtu ambaye akitaka kukata kona anawasha wipa. Miaka yote ya ndoa hajawahi kufungua boneti. Lakini yeye ndiye apigiwe kuhusu bushi.

Ngoja niseme kwa nini lilikuwa swali la maana, maana najua kuna watakaosema mwanamke anamfundisha fundi kazi. Bushi hizi za mpira hazizunguki ndani ya tundu. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha nje na cha ndani, na bolti ikishakazwa, chuma cha ndani hakitembei tena. Mkono ukipanda na kushuka, mpira ndio unaojinyonga. Sasa ukikaza mkono ukiwa unaning'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari, unajinyonga kabla hata hujatoka getini, na unabaki hivyo usiku na mchana, kama mtu aliyelala shingo upande na hana ruhusa ya kugeuka. Likija tuta unazidi kujinyonga. Utachanika tu.

Nilikaa kwenye benchi. Ndiyo, nilikaa, na hilo linaniuma kuliko yote. Niliagiza na soda.

Gari iliposhushwa ilikuwa imeinuka nyuma, hata mlinzi wa kazini kwetu aliuliza kama nimeweka springi mpya. Ikatulia, nikaenda alaimenti, nikaanza kujilaumu kwamba labda nimemwonea. Wiki zikapita, sikumbuki ngapi, mvua zilikuwa zimeanza. Siku moja natoka Mbezi, kwenye tuta: ko.

Nikarudi. Akaingia chini, akatoka na sura ya mtu aliyeona nyoka. Bushi mbili za chini zimechanika. Unajua alisema nini? "Hizi feki, mama. Ulinunua wapi?" Inawezekana zilikuwa na lao, Kariakoo ni Kariakoo. Lakini nilisimama palepale, nikamwandikia mzee ujumbe, nikampa na namba ya fundi, nikamwambia asome kama ulivyo, asiongeze neno. Simu ya fundi ikaita. Nikamsikia upande wake: "Naam mzee. Ndiyo mzee. Kweli kabisa, zinakazwa gari ikiwa chini. Ndivyo inavyotakiwa, mzee, shikamoo."

Maneno yangu yale yale! Yamepita kwa mtu wa wipa, yamerudi yakiwa elimu.

Na akafanya, tena vizuri mno. Mbili mpya nilinunua mimi, zile nyingine akazilegeza zote ili zipumue, akashusha gari tairi zikakanyaga mbao nene ili apate nafasi ya kuingia chini, akamwambia kijana aikandamize nyuma mara kadhaa ikae sawa, ndiyo akakaza. Hela ya ufundi alikataa. Kuniomba radhi hakuniomba. Akaniletea kiti badala ya benchi, sijui kama ndiyo ilikuwa radhi yenyewe.

Sasa nimpe nyota ngapi? Nilianza kuandika nikiwa na moja, na hiyo moja ni ya kile kivuli. Lakini gari imekaa kimya tangu siku hiyo, nyuma haiyumbi, tairi zinalika sawasawa, na kati ya mafundi watatu ni yeye peke yake aliyejua ugonjwa. Basi nne. Hapana, tatu. Dada ukienda, nenda, lakini usikae kwenye benchi. Au usiende kabisa, wapo wengine. Nikikumbuka lile tabasamu naona hata mbili nyingi. Ndiyo maana jina siweki. Nikiweka leo, kesho nitataka kulifuta.

Jana usiku tuko mezani, simu ya mzee ikaita. Ni fundi, anaulizia hali ya gari. Mzee akaziba simu kwa kiganja, akaniinamia, akanong'ona: "Eti inaendeleaje?"