Kompyuta ya gemu ya bei chee pale Mwanjelwa, inafaa?
Wadau wa Mbeya, msidanganyike na zile taa za rangi, mwambieni muuzaji afungue kava kwanza. Hii niliyoikagua ndani ni mashine ya ofisini tu, prosesa i5-4570 ya mwaka 2013 ambayo Windows 11 haiikubali rasmi, kadi ya picha GT 1030 ya GB 2, GTA V inasukuma ukishusha setingi ila gemu mpya nzito sahau kabisa. Kinachoniuma zaidi ni pawa saplai, haina waya wa kulisha kadi kubwa, kwa hiyo ukitaka kuongeza nguvu baadaye utaishia kadi ndogo kama GTX 1650 zile za wati 75 zinazokula umeme wa maza bodi peke yake. Mwanafunzi wa chuo cha MUST hapa Mbeya wa kusoma na kucheza kidogo achukue, ila akomae bei ishuke na SSD, ile diski ya kasi, iwemo.