Boti za Dar hadi Unguja ukiwa na watoto wadogo: safari ipi, msimu gani, siti ipi

Familia inayotoka Nairobi, Mombasa au Kampala kwenda kupumzika Unguja ina njia mbili: kuruka moja kwa moja hadi kisiwani, au kufika Dar es Salaam kwanza kisha kuvuka kwa boti. Hapa tunaipima hiyo ya pili, na tunaipima kwa macho ya mzazi mwenye mtoto wa miezi kumi mgongoni na mwingine wa miaka minne mkononi. Mtu mzima mwenye begi moja haya hayamhusu sana. Atapanda, atasinzia, ataamshwa Malindi, bandari ya Unguja (si ile Malindi ya Kenya).

Hukumu yetu tuitoe mapema. Huduma ni nzuri, na kwa mtoto anayependa kutazama maji ni sehemu ya likizo yenyewe, mradi uchague safari ya asubuhi na usikae juu upande wa mbele. Ukikosea hayo mawili, saa mbili za baharini zitakuwa ndefu kuliko basi lote la kutoka Mombasa.

Zinazojulikana zaidi kwenye njia hii ni boti za Kilimanjaro, za Azam Marine. Ni katamarani zilizoundwa Australia, yaani chini zina miili miwili sambamba badala ya mmoja. Safari ni ya kilomita sabini na kidogo, na huchukua kati ya saa moja na dakika arobaini na saa mbili kamili, kutegemea bahari. Ya kwanza huondoka saa moja asubuhi, na ya mwisho huwa ya alasiri.

Sasa upepo, maana hapa ndipo familia nyingi hukosea. Watu huuliza "bahari ikoje?" kana kwamba kwenda na kurudi ni kitu kimoja. Boti ikitoka Dar inaelekea kaskazini. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Septemba, upepo unatoka kusini na kusini mashariki, kwa hiyo ukienda Unguja mawimbi yanakusukuma kwa nyuma na boti inateleza nayo. Siku ya kurudi unayakuta uso kwa uso: boti inapanda, inaning'inia kidogo, kisha inashuka kwa kishindo. Mtoto aliyekwenda akicheka anaweza kurudi akitapika, na mzazi akabaki anailaumu samaki ya jana usiku. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, mambo hugeuka: kwenda ndiko kugumu zaidi. Hata hivyo kaskazi kwa kawaida ni ya upole kuliko kusi, na kadiri unavyokaribia Unguja kisiwa chenyewe kinakukinga.

Likizo ya shule ya Agosti kwa Wakenya inaangukia katikati ya kusi. Hilo halikuzuii kusafiri, ila lipange hivi: tiketi ya kurudi iwe ya saa moja asubuhi, hata kama hoteli inakuruhusu kukaa hadi saa nne. Upepo wa pwani hutulia usiku na kupata nguvu jua linapopanda. Boti ya asubuhi na ya alasiri, siku ileile, zinaweza kukutana na bahari mbili tofauti kabisa.

Siti. Daraja la kawaida halina namba. Anayetangulia ndiye anayechagua, na hiyo ndiyo sababu halisi ya kuwahi bandarini. Wengi wakiingia hukimbilia juu na mbele, kwenye vioo vikubwa, wakidhani ndipo penye mandhari. Mandhari ipo kweli. Lakini boti huyumba kama bembea ya ubao: ncha zinapanda na kushuka sana, katikati panatikisika kidogo tu, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyosukwa zaidi kushoto na kulia. Wahenga waliosema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni chini ndani) hawakuwa wakizungumzia siti, lakini ushauri wao unafaa hapa pia: kaa chini, katikati au nyuma kidogo ya katikati, karibu na dirisha. Kulipia daraja la juu kunakupa kiti kipana na utulivu wa watu. Hakukupi utulivu wa bahari, na pengine kunakupeleka kulekule juu unakopaswa kukukwepa.

Dirisha ni lazima. Mtu huchafukwa na roho pale sikio la ndani linaposema "tunasogea" huku macho yakiona vitu vimetulia. Mtoto akitazama mstari wa upeo wa bahari, macho na sikio vinakubaliana. Akitazama simu, vinagombana. Boti huwa na televisheni zinazoonyesha filamu na vichekesho, na huo ni mtego, kwa sababu mtoto wa miaka mitano anakodoa macho kwenye kioo dakika arobaini, kisha anageuka kimya, uso umepauka, jasho jembamba juu ya mdomo. Ukiona ukimya huo una dakika chache tu. Wahudumu hutembea na mifuko ya kutapikia. Chukua miwili mapema uiweke mfukoni mwa shati lako, usisubiri kuitafuta.

Sitaha ya nje ina hewa safi na huwasaidia wengi, ila ina kasoro mbili: upande wa nyuma moshi wa dizeli unaweza kukupiga ukachafukwa zaidi, na mtoto anayetembea hawezi kuachiwa mkono hata sekunde moja.

Kuhusu dawa: watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kulevywa na bahari, kwa hiyo kichanga mwache na ziwa lake. Kuanzia miaka miwili hadi kumi na miwili ndio wanaoumia zaidi. Dimenhidrinati hutolewa kwa watoto kuanzia miaka miwili, kwa kipimo atakachokupa mfamasia kulingana na umri na uzito. Promethazini usimpe kabisa wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua vizuri. Dawa yoyote ya namna hii itolewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Ukingoja hadi mtoto aanze kutapika, umechelewa. Kidonge kitarudi na chai.

Chai yenyewe iwe nyepesi. Mkate mkavu, ndizi, biskuti za chumvi, saa moja na nusu hivi kabla ya boti. Maziwa ya glasi nzima, maandazi ya mafuta na juisi ya embe viache vikusubiri Forodhani, bustani ya vyakula ya Mji Mkongwe. Tumbo tupu kabisa nalo si dawa, huchafuka vilevile.

Kufika bandarini Dar kuna kosa moja la kizamani. Usimwambie dereva "Feri". Kwa mtu wa Dar, Feri ni Kivukoni, kwenye soko la samaki na pantoni la Kigamboni, na ukishushwa huko saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mabegi manne utatembea huku unalia. Sema "boti za Zanzibar, mkabala na kanisa la Mtakatifu Joseph, Sokoine Drive." Kwa boti ya saa moja, uwe getini saa kumi na mbili.

Nje ya geti kuna watu wawili wa kuwatofautisha. Mchukuzi wa bandari huvaa kizibao chenye namba. Huyo ni msaada wa kweli ukiwa na watoto, ila mkubaliane bei kabla hajagusa begi. Mwingine hana kizibao, anakuambia ofisi imefungwa, tiketi zimeisha, yeye anazo. Tiketi nunua dirishani au mtandaoni, angalau siku moja kabla, na wiki ya Idi au ya Krismasi nunua mapema zaidi. Nauli ni za aina mbili, ya mkazi na ya mgeni. Ya mgeni daraja la kawaida kwa miaka mingi ilikuwa dola 35 kwa mtu mzima na 25 kwa mtoto. Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki aulize dirishani kabla ya kulipa anahesabiwa wapi, maana pesa ikishatoka kuirudisha ni kazi.

Kichanga anayepakatwa naye jina lake liandikwe. Hili tunalisisitiza. Mwaka 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba ikiwa imezidisha abiria, na Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, katika msimu uleule wa kusi. Watoto wasiokuwa kwenye orodha ni watoto wasiohesabiwa. Ukishaketi, muulize mhudumu jaketi za watoto ziko wapi. Za chini ya kiti mara nyingi ni za watu wazima, na jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kwa juu akiingia majini.

Hati sasa. Kitambulisho cha taifa kinachokutosha kuingia Uganda au Rwanda hakikutoshi kuingia Tanzania: kila mtoto awe na pasipoti yake au hati ya muda. Anayetoka Kenya au Uganda huulizwa kadi ya homa ya manjano, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Chanjo hutolewa kuanzia miezi tisa na kadi huanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo anayemchoma mtoto siku tatu kabla ya safari amejitafutia mabishano mpakani. Ukishuka Unguja pasipoti zinaangaliwa tena, hata kama ulishagongewa muhuri Namanga au Horohoro. Usizitupie ndani ya begi kubwa.

Begi kubwa, kwa kweli, hutaliona tena mpaka Malindi. Linapokelewa na kurundikwa na mengine. Mfuko mdogo utakaobaki nao miguuni uwe na hivi: nguo za kubadili seti mbili kwa kila mtoto na fulana moja ya mzazi (anayetapikiwa ni mzazi), kanga mbili, nepi nne, maji, chupa ya chai yenye maji moto kama mtoto anakunywa maziwa ya kopo, na sweta. Ndiyo, sweta. Kiyoyozi cha ndani ni kikali, na mtoto aliyetoka jasho foleni dakika thelathini huanza kutetemeka kabla boti haijatoka mlangoni mwa bandari. Nguo chafu ziwekee mfuko wa kitambaa au wa zipu, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Kigari cha mtoto kinakunjwa na kwenda na mizigo, lakini ngazi ya kupandia ni nyembamba, ina mteremko, na umati unasukuma kwa nyuma. Mbeleko inakishinda kwa mbali. Choo kipo, sakafu yake huwa imelowa, na usitegemee kukuta meza ya kubadilishia nepi. Badilisha kabla ya kupanda, na ikibidi badilisha kitini juu ya kanga. Majirani watakuelewa.

Mkifika Malindi, msisimame boti ikigonga gati. Watu wote husimama, hubanana mlangoni, kisha hubanana tena kwenye mabegi. Mzazi mmoja abaki kitini na watoto, mwingine ashuke na umati akatafute mizigo. Dakika kumi na tano baadaye njia ni nyeupe. Teksi ya kwenda Nungwi ni kama saa moja na nusu, Paje kama saa moja, na kwa mtoto aliyechafukwa baharini barabara hiyo ni raundi ya pili. Bora kukaa Mji Mkongwe saa mbili, anywe maji ya madafu, atembee, ndipo mwendelee. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana hakipatikani kirahisi mjini, kwa hiyo cha mtoto beba nacho.

Nani asipande boti hii? Mwenye mtoto anayechafukwa hata kwenye daladala, anayerudi Dar kwa safari ya alasiri mwezi wa Julai au Agosti. Huyo achukue ndege. Ni dakika ishirini hivi angani. Akumbuke tu kwamba ndege ndogo za njia hiyo mara nyingi hukubali kilo 15 za mzigo kwa mtu, na familia yenye nepi za wiki mbili huzipita hizo kabla ya kufungasha viatu. Nepi zinauzwa Unguja. Aziache nyumbani.

Na kama ndege ya kurudi Nairobi inaondoka Dar siku hiyohiyo, boti iwe ya saa moja na ndege isiwe kabla ya saa tisa alasiri. Bahari ikichafuka sana boti huahirishwa, na foleni ya magari kutoka Sokoine Drive hadi uwanja wa ndege haimsubiri mtu.