Apu za kupeleka chakula Nairobi: angalia pesa inayobaki, wachana na asilimia ya bango

Kama unapika biashara hapa Nairobi na unatafuta apu ya kuweka menyu yako, chukua oda moja ya bob 1,000, ipitishe kwa mkataba wa kila apu mpaka mwisho, halafu uone ni ngapi inaingia kwa akaunti yako. Hio tu ndio ya kulinganisha.

Mimi nauza pilau na chapo South B na nimeliwa ndio nikajua. Kijana wa mauzo wa apu fulani alikuja na bango la komisheni, yaani ile asilimia apu inakata kwa kila oda, "sisi 15% tu, wenzetu 30%", nikasaini hapo hapo kwa kaunta. Kumbe hio 15% haina raida wa kupeleka chakula, raida natafuta na kulipa mwenyewe, na ile 30% ya wenzake ilikuwa na raida ndani. Sasa piga hesabu: kwa ile ya 30% unakatwa 300, na mikataba mingi inaongeza VAT ya 16% juu ya komisheni, hio ni 48, unabaki na 652. Kwa ile ya 15% unakatwa 150 na VAT 24, unabaki na 826, poa sana mpaka umtoe boda 150 akupelekee Nairobi West, unabaki na 676. Nusu bei yote ile ya bango imekuwa bob 24, na mvua ikinyesha boda akitaka 200 hata hizo 24 hakuna, uko chini.

Hio ndio inaniuma kwa haya matangazo, kila namba iko sawa na bado mtu amepotoshwa. Chukua DoorDash, apu ya chakula ya Marekani, tangu 2021 wako na mipango ya komisheni ya 15%, 25% na 30% ndani ya kampuni moja, so mtu anaeza kuwaita rahisi ama ghali vile anataka, inategemea ni gani amechomoa. Ukiweka mpango wako mdogo kando ya mpango mkubwa wa mwenzako hujalinganisha kitu. Sheria yetu ya Ushindani ya 2010 inakataza kupotosha mnunuzi.

Venye mimi ningepanga: ya kwanza ni oda za WhatsApp na boda wa steji, kwa wateja wa karibu. Mteja analipa kwa till, anamlipa boda mwenyewe, na ile 1,000 inabaki karibu yote. Shida ni moja tu, hakuna mtu mgeni atakupata hapo, lakini wale wanakujua usiwapeleke kwa apu ukalipie komisheni bure.

Ya pili, apu ya komisheni kubwa yenye raida ndani. Najua wengi watabisha. Lakini kama uko na wapishi wawili na saa saba mchana simu haitulii, hutaki kuwa unatafuta boda huku chapo zinapoa.

Ya tatu ndio ile ya komisheni ndogo bila raida. Hii inafaa mwenye ako na raida wa mshahara tayari na oda zake ziko mtaa mmoja, anabeba nne kwa safari moja. Ya mwisho kabisa ni "komisheni sufuri miezi mitatu". Uliza mwezi wa nne ni ngapi, na iandikwe.

Sasa bei ya menyu, hapa ndio watu wengi wanaumia bila kujua. Unaskia mtu anasema wananikata 30 so naongeza 30. Sahani ya 1,000 ukiifanya 1,300, wakikata 30% na VAT yake unapata 847.60, bado 152 zimepotea kwa sababu wanakata kwa ile bei mpya pia. Kurudisha 1,000 yako kamili lazima uuze karibu 1,534, na mteja wa South B akiona hio bei anafunga simu. Mimi niligawanya, nikapandisha kidogo, nikatoa kwa apu vitu vya faida ndogo kama chai na chapo moja moja.

Kabla ya kusaini uliza pia hii: nikiweka punguzo la 20% mnakata komisheni kwa 1,000 ama kwa 800? Kwa 30% na VAT, wakikata kwa 800 unabaki na 521.60, wakikata kwa 1,000 unabaki na 452. Yule kijana wangu alijibu "itategemea", na stetimenti ya wiki ya kwanza ikaja imekatwa kwa 1,000.