Biblia ya zipu yenye itifaki, maoni yangu baada ya kuitumia

Jamani kila siku naona watu wanauliza wanunue Biblia gani hapa Dar, mi natumia hii ya Union Version (ile tafsiri ya Kiswahili cha zamani) saizi ya kati, kava nyeusi ya zipu, nyuma ina itifaki (orodha ya maneno na mistari yanapopatikana) na ramani, pembeni imekatwa alama za majina ya vitabu. Nilichukua duka moja la vitabu vya dini huku Posta kwa 35,000, hawapunguzi hata ulie, ila dada wa pale anakuacha uifungue uisome mpaka uridhike. Za barabarani Kariakoo bei iko chini sana lakini kagua kurasa kabla hujatoa hela, shemeji yangu ya kwake Amosi ipo mara mbili halafu Obadia haimo kabisa.

Mi kilichoniteka ni itifaki. Mi ni karani wa duka la jumla, kuna kipindi bosi akataka niwe natoa risiti za EFD (zile za mashine ya kodi ya serikali) pungufu, mteja kalipa milioni risiti inasoma laki mbili, na pale wote wanafanya hivo kwahiyo ukikataa wewe ndo mchawi. Niliogopa kweli, kodi ya nyumba nayo ilikuwa inakaribia. Yoshua 1:9 naijua toka sande skuli na ipo kwenye stika za daladala kibao, ila safari hii nikaenda kwenye itifaki nikatafuta neno hodari nikawa nafuata andiko moja moja ndani ya basi la mwendokasi Kimara mpaka Gerezani (ukipata siti lakini, ukisimama sahau). Kumbe kwenye ile sura moja Mungu anamwambia Yoshua awe hodari mara 3, halafu mstari wa 18 watu wenyewe nao wanamwambia tena, yaani huyu mzee alikuwa na hofu jamani! Na mstari wa 7 na 8 unasema huo uhodari ni wa kushika torati, usiiache kwenda kuume wala kushoto, hiyo sehemu kwenye stika huioni. Nikaenda Kumbukumbu 31, Musa ana miaka 120 anamkabidhi Yoshua kazi mbele ya Israeli wote, nikaenda 1 Nyakati 28, Daudi anamtia moyo Sulemani ajenge hekalu, na mistari ya juu yake ni mahesabu ya dhahabu na fedha kwa uzani, chombo kwa chombo. Mtu wa mahesabu kama mimi hapo nilikaa sana.

Kilichonimaliza ni Danieli 3:18, "bali kama si hivyo". Wale vijana watatu, Shadraka, Meshaki na Abednego, waliotishiwa tanuru la moto wasipoisujudia sanamu ya mfalme, hawakuwa na uhakika wa kutoka humo, walikataa tu. Nikamwambia bosi kwa heshima zote siwezi. Akanitoa kaunta akanipeleka stoo kupanga katoni, mpaka leo niko huko, mshahara ule ule ila hela ya soda ya wateja ndo basi tena.

Mchungaji wetu ni wa msimamo mkali, hataki mtu afumbe macho afungue popote aweke kidole aseme Mungu kaniongoza, wala hataki mstari wa WhatsApp wa asubuhi uwe ndo ramani ya siku yako. Soma sura nzima, nani anasema, anamwambia nani. Kwa usomaji huo itifaki inasaidia mno.

Ya kwenye simu ni bure na ukishapakua haili bando, sikatai, ila unasoma Zaburi meseji ya mkopo inaingia, na wazee wa kanisa wakikuona na simu ibadani wanakutazama mpaka unaizima mwenyewe.

Kasoro zipo. Karatasi nyembamba mno, hailaiti inatokea upande wa pili, tumia penseli ya rangi. Kava kwa joto na jasho la Dar limeanza kubanduka kwenye kona. Zipu inagoma ukijaza vipeperushi na bahasha za sadaka humo ndani. Watoto wangu Kiswahili chake kinawashinda, wao niliwachukulia Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi.

Wenye kuvaa miwani ulizieni ya herufi kubwa, wanazo, ila ni nzito balaa, hiyo ya kuacha nyumbani mezani sio ya kupanda nayo mwendokasi.