Ununue nini kwanza ukitaka kujifunza historia ya vita: mpangilio wetu, kwa mfano wa kampeni ya Afrika Mashariki 1914–1918

Anayeanza kujifunza historia ya vita mara nyingi hununua vita vyote kwa mpigo: kitabu kikubwa cha picha za rangi, mapigano mia moja tangu enzi za Mafarao, kila pigano kurasa mbili. Akikimaliza anajua majina ya majemadari na tarehe, ila hawezi kueleza kwa nini kikosi fulani kilichelewa siku moja. Ushindi na kushindwa mara nyingi hutokana na siku hiyo moja. Kwa hiyo chagua kampeni moja, uisome mpaka uweze kuisimulia huku umefunga kitabu, ndipo uhamie nyingine.

Sisi tumechagua Vita Kuu ya Kwanza upande wa Afrika Mashariki: kuanzia Agosti 1914 hadi 25 Novemba 1918, kamanda wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Viwanja vyake vinafikika, vitabu vipo, na majeshi yaliyoshiriki ni mengi: Wajerumani na askari wao Waafrika, Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), Wahindi, Waafrika Kusini, Force Publique (jeshi la Wabelgiji la Kongo), Wareno. Anayevutiwa zaidi na Maji Maji (1905–1907) au vita vya Kagera (1978–1979) anaweza kutumia mpangilio huu huu na kubadilisha vitabu tu.

Kuhusu bajeti, nusu ya fedha iende kwenye kitabu, robo kwenye ramani, robo kwenye nauli. Vingine vingi vinapatikana bure au havina haraka.

Nafasi ya kwanza: kitabu kimoja cha kampeni nzima

Chaguo letu ni Tip and Run cha Edward Paice (2007). Ni kinene, na Kiingereza chake si kigumu. Kinafuata kampeni tangu mwanzo hadi mwisho bila kuwasahau wapagazi na wanavijiji walionyang'anywa chakula. Hapo ndipo vitabu vya zamani vinapopwaya: vinawafuata maofisa na kuacha waliobeba mizigo yao.

Tahadhari moja itakuokolea fedha. Kitabu hicho kiliuzwa Marekani kwa jina jingine, World War I: The African Front. Kilichobadilika ni jalada, na wapo wanaovinunua vyote viwili wakidhani cha pili ni mwendelezo. Kabla ya kulipa linganisha jina la mwandishi na orodha ya sura.

Anayetaka mambo ya kijeshi zaidi, yaani kikosi gani kilipita wapi na kwa amri ya nani, achukue The Forgotten Front cha Ross Anderson (2004). Kwa mtu anayeanza ni kikavu, ndiyo maana tumekiweka cha pili. The First World War in Africa cha Hew Strachan (2004) ni chembamba na makini sana, ila kinagawa kurasa zake kati ya Togo, Kameruni, Namibia ya leo na Afrika Mashariki, na kinadhani msomaji tayari anajua mambo mengi. Historia rasmi ya Waingereza iliyotayarishwa na Charles Hordern (1941) usiinunue mwanzoni. Juzuu la kwanza linaishia Septemba 1916 na la pili halikuwahi kuchapishwa, kwa hiyo utaachwa katikati ya vita.

Ukikipata kitabu, usianze ukurasa wa kwanza. Anza na sura ya Tanga, Novemba 1914, uisome mara mbili. Mara ya kwanza soma kama hadithi. Mara ya pili shika kalamu utafute majibu ya maswali manne: nani alikuwa wapi, alifikaje, alikula nini, na alijua nini kuhusu adui.

Tanga hufaa kwa zoezi hili kwa sababu majibu yanaonekana waziwazi. Waingereza walileta kutoka India watu 8,000 hivi chini ya Meja Jenerali Aitken. Wengi walikuwa wamekaa melini kwa wiki kadhaa, na baadhi ya vikosi havikuwa vimezoeana kabisa. Upande wa pili, mwanzoni mjini palikuwa na kikosi kidogo tu. Lakini nahodha wa manowari ya Fox aliingia bandarini kwanza, tarehe 2, kudai mji usalimu amri. Onyo hilo liliwapa Wajerumani muda wa kuwasafirisha askari kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, kilomita 350 hivi. Aliposhambulia kwa nguvu zote tarehe 4, Aitken alipambana na watu wapatao 1,000 walioizoea ardhi na wenye bombom (bunduki za rashasha) zilizopangwa vizuri. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, wakapanda meli tena na kuacha mamia ya bunduki na risasi nusu milioni.

Halafu kuna nyuki. Ni kweli walitoka mizingani na kuwauma watu wakati wa mapigano, ila waliuma pande zote mbili. Ukikuta kitabu kinachosema Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa makusudi, kirudishe rafuni.

Nafasi ya pili: ramani

Wengi huruka hatua hii, kisha wanalalamika kwamba vitabu vya vita vinachosha. Sentensi kama "kikosi kilizunguka ubavu wa kushoto" haimwambii kitu mtu asiyeona kilima.

Unahitaji ramani za vipimo viwili. Ya kwanza ni ya nchi nzima, ikionyesha reli mbili (ya Usambara, na ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma), mito na maziwa. Ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000 zilizochorwa enzi hizo zimewekwa mtandaoni na maktaba mbalimbali. Sentimita 1 ni kilomita 3, na hicho ndicho kipimo cha kufuatilia mwendo wa majeshi. Ya pili ni ya uwanja wenyewe, kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1 na mistari ya mwinuko inasomeka. Kwa Tanzania ramani hizi hutolewa na idara ya serikali ya upimaji na ramani, na kila karatasi huuzwa peke yake. Nunua ya Tanga kwanza. Usinunue seti.

Pata pia karatasi ya nailoni inayoonyesha na kalamu mbili za rangi. Tandika nailoni juu ya ramani, chora vikosi vya asubuhi kwa rangi moja na vya jioni kwa nyingine. Kalamu iwe ya kufutika, kwa kuwa utakosea.

Yanayoharibika hapa ni matatu. Kwanza, majina. Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga. Andika orodha yako kwenye jalada la ndani la kitabu. Pili, kitabu cha kusomea kwenye simu: maandishi ni sawa, lakini ramani hugeuka ukungu ukizikuza. Kama fedha inaruhusu toleo moja tu, nunua la karatasi. Tatu, ardhi imebadilika. Mikondo ya delta ya Rufiji, ilikojificha manowari ya Königsberg hadi ilipozamishwa tarehe 11 Julai 1915, haikai mahali pamoja, kwa hiyo picha ya setilaiti ya leo usiifananishe moja kwa moja na mchoro wa wakati ule.

Nafasi ya tatu: nauli

Tiketi ya basi kwenda Tanga ina faida kuliko kitabu cha tatu. Anzia Ras Kasone waliposhukia Waingereza, utembee kuelekea mjini asubuhi kabla jua halijakali, ukiwa na ramani yako ya 1:50,000. Utaelewa kwa miguu kwa nini vikosi vilipotezana kwenye mashamba, na kwa nini bonde la reli mashariki ya mji lilikuwa ngome tosha kwa waliojikinga. Kabla ya kuondoka pitia tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, inayoorodhesha bure makaburi na kumbukumbu za Tanga, Dar es Salaam, Taveta na kwingineko.

Aliye Mombasa ana mzinga wa Königsberg ndani ya Fort Jesus. Aliye Kenya bara aende Taveta: kilima cha Salaita (Februari 1916) na milima ya Latema na Reata (Machi 1916) vinaonekana kwa siku moja. Mahiwa, kusini huko Lindi, palipopiganwa Oktoba 1917 kwa siku nne, ndipo mahali pazito kuliko pote, ila si pa kuanzia; mapigano yenyewe yalitawanyika na bila maandalizi utaona mashamba tu.

Nafasi ya nne: kitabu cha waliobeba na waliopigana

Hodges aliandika The Carrier Corps (1986), kuhusu kikosi cha wapagazi wa Waingereza, kilichochapishwa tena Nairobi kwa jina Kariakor. Nacho kina majina mawili, kwa hiyo angalia usinunue mara mbili. Moyd aliandika Violent Intermediaries (2014) kuhusu askari wa Wajerumani. Nunua kimoja baada ya kumaliza kitabu cha kwanza.

Kwa nini kiwe juu ya kumbukumbu za majenerali? Fanya hesabu. Mpagazi anabeba kilo 25 na kula kilo 1 kwa siku. Safari ikiwa siku 10 kwenda na 10 kurudi, amekula kilo 20 mwenyewe na kufikisha 5. Kombania ya askari 150 inayokula kilo 150 kwa siku itahitaji wapagazi 30 wafike kila siku, na kwa safari ya siku 20 hiyo ni watu 600 njiani muda wote. Hapo hujahesabu risasi, dawa, wala wagonjwa. Ndiyo maana vita hivi viliua wapagazi wengi mno. Makadirio ya upande wa Waingereza pekee hufikia 95,000 na zaidi. Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps. Jeshi lililopita lilichukua nafaka, na Ugogo ikaingia kwenye njaa iliyoitwa Mtunya.

Nafasi ya tano: kumbukumbu za Lettow-Vorbeck

Usizilipie. Tafsiri ya Kiingereza ya 1920 iko bure kwenye Internet Archive. Wanaouza nakala zilizochapwa upya kutokana na skani mara nyingi huacha ramani za kukunjua, na hizo ndizo zilizofaa kulipiwa. Isome huku ukikumbuka kwamba aliyeandika anajitetea: ugomvi wake na Gavana Schnee, chakula kilichochukuliwa vijijini na vifo vya wapagazi anavipita kwa haraka.

Nafasi ya sita: tenzi

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy unahusu vita vya Pwani vya 1888–1889, na Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini unahusu Kusini. Ni nadra madukani. Uliza maktaba za vyuo kabla ya kumlipa muuza vitabu vya zamani. Mtunzi wa utenzi hatakupa idadi ya bunduki, lakini atakuonyesha watu wa mahali pale waliionaje vita, jambo ambalo huwezi kulipata katika ripoti ya ofisa.

Zinazofuata, kwa ufupi

Video za mtandaoni ni bure na ramani zake zinazotembea husaidia, mradi umeshasoma. Pima kwa Tanga: video isiyotaja reli ya Usambara, au iliyotumia dakika nyingi kwa nyuki, ifunge. Michezo ya ramani ya mezani hufundisha vizuri uzito wa chakula na umbali, lakini gharama ya kuiagiza kutoka ng'ambo hufika bei ya vitabu viwili. Michezo ya kompyuta ya kufyatua risasi tumeiacha nje ya orodha.

Medali na masalia ni mwisho kabisa. Medali za Kiingereza za vita hivyo huwa na namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe, zimepigwa ukingoni kwa British War Medal na Victory Medal, na nyuma kwa 1914–15 Star. Ukingo uliosuguliwa ukawa laini, au herufi zisizolingana, ni ishara kwamba jina limefutwa au kubadilishwa. Risasi, fyuzi na makombora usinunue wala usiokote uwanjani, hata yakiwa na kutu. Baruti ya miaka mia moja bado inaweza kulipuka. Ukiona kitu cha namna hiyo, weka alama mahali ulipo, rudi kwa njia uliyojia, na uwaarifu polisi.