Nirvana Live at Reading: Sidii Imenikera, Dividii Imenimaliza

Mambo vipi wadau, karibuni tena! Kabla hamjauliza: ndiyo, picha inayumba. Stendi ya kamera imevunjika mguu, nimeifunga kwa selotepu. Tuvumiliane.

Leo nina Live at Reading ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani. Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa wao, sina haja ya kumtambulisha, fulana zake zimejaa mitumbani. Onyesho ni la tarehe 30 Agosti 1992, tamasha la Reading, Uingereza, likaja kutoka rasmi Novemba 2009. Kuna sidii, kuna dividii. Mimi nilianza na sidii. Kosa!

Ngoja niiweke... Mnasikia? Hiyo ni Breed. Nzuri, sikatai, dramu za Dave Grohl zinagonga mpaka kifuani. Sasa tazameni dividii, mwanzo kabisa. Huyo anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kavaa gauni la hospitali na wigi, ndiye Kurt! Kulikuwa na uvumi kwamba yuko hoi, bendi inavunjika. Krist Novoselic, yule mrefu wa besi, anajifanya kumpa moyo mgonjwa. Kurt anajikokota kusimama, anashika maikrofoni, anaimba kamstari kamoja kwa sauti ya kukata roho, halafu puu! Chali. Narudisha. Mwangalieni miguu... puu! Kisha anainuka, anavaa gitaa, na hapo ndipo inapoingia ile Breed niliyowapigia. Haya, ni wimbo uleule? Hapa mtu anawajibu waliomzika mapema, na sidii imelikata tukio lote hilo!

Na Love Buzz nayo imeachwa. Dividii nyimbo 25, sidii 24, na maneno ya katikati yamefyekwa. Najua, sidii moja inabeba kama dakika 80. Si wangetoa mbili? Nikitaka nyimbo safi ninazo za studio tangu niko sekondari. Ya jukwaani nanunua nisikie watu wanavyotaniana, gitaa linavyolia ovyo mtu akisogelea spika, sauti inavyokwaruza.

Mfano, wanapokaribia Smells Like Teen Spirit, wanaanza kupiga More Than a Feeling ya bendi ya Boston, utani mtupu, kwa sababu watu walikuwa wakisema nyimbo hizo zinafanana. Halafu All Apologies: wakati ule haikuwa hata kwenye albamu, albamu yenyewe, In Utero, ilikuja 1993. Kurt anaitoa kwa binti yake aliyekuwa na siku 12 tu, anauomba umati umpigie mkewe kelele kwamba wanampenda. Hapo mimi huwa nanyamaza. Basi, tuendelee.

Mashabiki wa bendi ya Pearl Jam, nawaona mnavyoandika huko chini. Ndiyo, ziara yao ya mwaka 2000 ilitoa rekodi 72 za jukwaani. Sabini na mbili! Nani ana muda huo? Sawa, nimesikiliza tatu. Nne. Na MTV Unplugged ya Nirvana, ile ya mishumaa na maua, ni ya usiku ukiwa peke yako. Nitaifanyia video tukifika watu elfu tano, kwa hiyo bonyezeni kengele, msinitazame tu.

Bei. Sidii niliipata kwa elfu kumi na tano, imeshatumika. Dividii imenitoka elfu sabini pamoja na usafiri, na kasha limefika na ufa, ona hapa. Picha si kali kama za simu zenu, ni ya 1992, lakini mwishoni wanapovunja vyombo na Kurt anaukwangua wimbo wa taifa wa Marekani kwenye gitaa, utasahau mambo ya picha.

Una hela ya kimoja? Dividii. Sidii yangu naiuza, elfu kumi, wa kwanza kuandika anaichukua. Hapana, subirini, dramu zile... elfu kumi na mbili. Ngoja nirudie pale anapoanguka. Puu!