Dai langu la ulemavu na ile hatua ya 3: uzoefu wangu na ukurasa wa VA

Niliingia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kupitia MAVNI, ule mpango uliowachukua wahamiaji waliojua lugha kama Kiswahili, Kisomali na Kihausa. Nilitoka na goti lisilokunjika vizuri, masikio yanayovuma usiku kucha, na pumu iliyogunduliwa baadaye. Kambini Bagram, Afghanistan, tulilala karibu na mashimo ya kuchomea takataka. Kwa sheria ya PACT ya 2022, aliyehudumu Afghanistan akipata pumu ya namna hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba chanzo chake ni jeshini. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kudai fidia ya ulemavu.

Dai langu niliwasilisha Januari 2025. Tangu siku hiyo nilikuwa nafungua ukurasa wa dai langu kwenye VA.gov, tovuti ya VA, idara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wa zamani, asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala. Mama alikuwa akipiga simu kutoka Eldoret kila Jumapili: "Wamesema nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilichokiona ni maneno mawili matatu na namba.

Hatua ziko nane. Mbili za mwanzo, kupokelewa kwa dai na ukaguzi wa awali, zilipita haraka. Ya tatu ni kukusanya ushahidi, na hapo nilikaa miezi. Nilidhani faili langu limesahaulika. Kumbe kazi nyingi hufanyika hapo: rekodi za jeshini zinaitishwa, za hospitali zinaitishwa, na unapangiwa uchunguzi wa daktari, ule tunaouita C&P, wa kupima ulemavu kwa ajili ya fidia. Mimi niliitwa mara mbili, mara ya mapafu na goti, na mara ya masikio. Kliniki moja ya mkataba ilichelewa sana kutuma ripoti yake, na muda wote huo hatua haikusogea.

Kisha likatokea jambo lililoninyima usingizi. Dai lilifika hatua ya 5, ya kupanga asilimia ya ulemavu, halafu likarudi hadi ya 3. Niliona nimekataliwa. Nikampigia mzee mmoja aliyepigana Vietnam, mwakilishi aliyeidhinishwa na VA anayetusaidia bila kulipwa. Akaniambia, "Kijana, usiangalie namba. Angalia wanasubiri nini, na kutoka kwa nani." Dai likirudi nyuma si kwamba limekataliwa, mara nyingi aliyekuwa akilipima ameona karatasi fulani haipo au maelezo ya daktari hayatoshi.

Tangu hapo niliusoma ukurasa kwa jicho jingine. Ndani ya dai kuna sehemu inayoonyesha wanachohitaji kwako, na nyingine inayoonyesha wanachohitaji kwa wengine. Ikiwa ni kwako, timiza kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ikiwa ni kwa wengine, huenda huna la kufanya ila kungoja. Kwangu walikuwa wakisubiri maelezo ya nyongeza ya daktari kuhusu goti, basi. Kuna pia orodha ya faili ulizopakia. Hakikisha kila hati yako imo. Ukiongeza ushahidi mpya dai likiwa mbele, jua laweza kurudishwa ili ushahidi huo usomwe. Usiogope kuuongeza kama una uzito.

Hatua ya 8 ilipofika mwezi wa Juni, ukurasa ulisema tu dai limeamuliwa. Neno hilo halimaanishi umekubaliwa wala umekataliwa. Jibu limo kwenye barua ya uamuzi, na barua hiyo unaweza kuipakua hapo hapo. Pumu nilipewa asilimia 30, masikio 10, goti 10. Nilitarajia 50, nikakuta 40. Hawajumlishi kama dukani: kila asilimia inayofuata inahesabiwa kwa asilimia ya uzima iliyobaki, kwa hiyo 30 na 10 ni 37, ukiongeza 10 nyingine inakuwa 43, kisha wanaikaribisha kwenye 40.

Malipo yalihesabiwa kuanzia 1 Oktoba 2024, kwa sababu Septemba hiyo nilikuwa nimetuma taarifa ya nia ya kudai. Taarifa hiyo inakushikia tarehe yako kwa mwaka mmoja huku ukitafuta karatasi. Ndugu zangu, tafadhali itumeni hata kama hamna hati moja mkononi. Na msimlipe mtu anayetaka sehemu ya fedha zenu ili awajazie dai la kwanza. Wawakilishi walioidhinishwa wa mashirika ya wanajeshi wa zamani hufanya kazi hiyo bure.

Uamuzi wa goti sikubaliani nao. Nikiomba upitiwe upya kwa ushahidi mpya ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, naweza kubaki na tarehe yangu ya malipo, na wiki ijayo nakutana na yule mzee tuandae ushahidi mpya.